Ubavu wa Fundi Bomba

Watu wazima hawapendi kupewa penseli za rangi. Ukitaka kumjua mtu, mkabidhi penseli nyekundu umwambie apake. Dereva wa lori atacheka kama aliyetukanwa. Mwalimu atauliza kama kuna jibu sahihi. Mama mwenye duka atakuambia mambo ya kuchorachora aliyaacha shuleni, na kwamba dukani kwake kuna wateja wanasubiri. Yote hayo mwanamke mmoja aliyasikia kila siku ya kazi, akayajibu kwa sauti ile ile ya upole, mpaka zahanati nzima ikasahau jina lake na kumwita Bi Rangi.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya magodoro zamani, na mpaka leo siku ya joto kilinuka magodoro. Mlikuwa na meza, viti viwili, sinki moja pembeni, kopo la penseli, na kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kile kinachohesabu mapigo ya moyo. Mkubwa wake alikuwa Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka nyingi, aliyekuwa akifanya utafiti wa namna watu wanavyousikia wasiwasi mwilini mwao. Wasiwasi wenyewe kila mtu anao, alikuwa akieleza, huo hauna haja ya utafiti. Yeye alitaka kujua mtu anausikia wapi, na kama anausikia kweli au anajidanganya.

Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi. Kwanza mtu alibanwa kidole, akafumba macho, akaambiwa asishike mshipa wowote, ahesabu kimoyomoyo mapigo ya moyo wake mpaka aambiwe basi. Hesabu yake ikalinganishwa na ya kifaa, na hapo wengi waliaibika, maana kuna watu wanaishi na moyo miaka sitini bila kujua unakwendaje. Kisha akapewa karatasi yenye umbo la mtu, mstari mtupu tu, halina macho wala nguo, apake nyekundu pale mwili unapowaka akiwa na wasiwasi, na buluu pale unapokufa ganzi.

"Fikiria siku uliyokuwa unangoja habari," Bi Rangi aliwaambia. "Habari yenyewe achana nayo. Fikiria kule kungoja tu. Unakusikia wapi?"

Hapo ndipo kicheko kilipowaisha. Dereva alipaka magoti yote mawili, akasema akiona kizuizi cha barabarani miguu inakuwa si yake. Mwalimu alipaka koo. Bibi mmoja aliiacha karatasi nyeupe kabisa, akapaka nje ya mstari, pembeni kule, doa kubwa jekundu. Alipoulizwa akasema wasiwasi wake yeye hauko mwilini, uko mlangoni, pale mjukuu wake anapochelewa kurudi. Daktari alihangaika na karatasi ile siku nzima.

Na wote hao, dereva na mwalimu na bibi, walipaka kwenye mwili wa mtu mmoja. Hawakulijua hilo. Umbo lile halikuwa la kubuni. Bega lile la kulia lililoshuka kidogo, miguu ile iliyojipinda kwa nje, shingo ile fupi, vilikuwa vya Fundi Bomba, na Bi Rangi alikuwa akimpenda.

Haya, tuanze mwanzo, maana habari ya namna hii ukiidakia katikati inageuka umbea.

Karatasi za kwanza zilitoka chuoni kwa Daktari ndani ya boksi, zimechapishwa vizuri, umbo limenyooka kama sanamu ya dirisha la duka la nguo. Boksi likawekwa chini ya sinki. Nani aliliweka? Tumwache, alishajilaumu vya kutosha. Usiku bomba likapasuka, na asubuhi boksi lilikuwa limegeuka bonge moja la rojo. Na watu wa kwanza wa utafiti walikuwa wameitwa kesho yake! Akaletwa Fundi Bomba, mwanamume wa makamo, mtu wa maneno machache na spana nyingi, akaingia chini ya sinki ikabaki miguu tu. Daktari alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe akasimama akaitazama ile miguu.

"Fundi, ukimaliza hapo unaweza kulala chini kidogo?"

"Nimeshalala, Daktari."

Wakatandaza sakafuni karatasi ya kaki, ile ya kufungia vifurushi, upana wa mlango. Fundi akavua buti, akajinyoosha juu yake, mikono mbali kidogo na mwili, uso ukitazama dari. Daktari akamkabidhi Bi Rangi kalamu ya wino mzito, simu ikamwita, akatoka. Wakabaki wawili.

Bi Rangi akapiga magoti, akaanza sikioni. Akashuka shingoni, akazunguka bega, akafuata mkono mpaka vidoleni, akapita kila kidole. Hakumgusa. Kalamu ndiyo iliyomgusa. Alikuwa mwanamke aliyevuka arobaini, aliyekwisha kujiambia kwamba mambo hayo ni ya wengine, na sasa yuko sakafuni anafuata mwili wa mwanamume kwa kalamu na pumzi ameibana. Mtu akitaka kujitia mashakani, hana haja ya kusafiri.

Alipofika ubavu wa kushoto, Fundi akacheka. Mwili wote ukaruka, na kalamu ikaingia ndani, ikaacha kibonde kidogo chini ya kwapa.

"Tulia, bwana!"

"Nitatuliaje na unanitekenya?"

"Mtu mzima mzima unatekenyeka?"

"Kwani mtu mzima hana mbavu?"

Akamaliza miguu akiwa ameuma midomo asicheke naye. Daktari akarudi, akasema nzuri sana, jamani, nzuri sana, akaipiga picha, akaipunguza, na kabla jua halijazama mashine ilikuwa imeshatoa nakala za kutosha. Ubavu hakuna aliyeutazama.

Baada ya hapo Fundi Bomba akawa mtu wa kuja kukagua. Bomba lilikuwa zima, limekazwa na mikono yake mwenyewe, lakini atasema nati imelegea, au amesikia mlio, au alikuwa anapita tu. Bi Rangi atamwekea chai. Watakaa, Fundi kwenye kiti cha wanaopimwa, na atamsimulia habari za mabomba: kwamba maji hayana siri, yakiona upenyo yanatoka. Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, hayafichiki. Zahanati nzima ilikuwa inakisikia kikohozi hicho isipokuwa mwenye kifua.

Maana hilo ndilo lilikuwa tatizo la Bi Rangi. Siku moja Daktari alikuwa anakijaribu kile kifaa kwake. Akambana kidole, akamwambia ahesabu kwa dakika moja. Katikati ya hesabu mlango ukagongwa na sauti ya Fundi ikauliza kama kuna mtu. Kwenye kioo cha kifaa namba zikapanda, zikapanda, zikapita mia. Daktari akauliza amehesabu mangapi. Bi Rangi akafumbua macho, akasema, kwa utulivu kabisa, sabini hivi. Na hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyosikia.

"Basi kifaa kibovu," akasema alipoonyeshwa.

"Kibovu kweli," akasema Daktari, akageuka dirishani kuficha meno.

Ndipo ikaja ile siku. Fundi Bomba aliingia bila spana, amevaa shati lililopigwa pasi, akakataa kukaa.

"Wananitaka kule wanakojenga bwawa," akasema. "Kuna mabomba huko mtu anatembea ndani amesimama. Ni mbali, ni siku mbili njiani. Wanataka jibu kesho."

"Hongera."

"Sijaja kwa ajili ya hongera. Nimekuja kukuuliza wewe. Niende, au nibaki?"

Sasa mtazame mwanamke huyu. Kazi yake mwaka mzima ni kuwaambia watu wajisikilize. Na yeye akajisikiliza, kwa uaminifu, kama alivyowafundisha wengine, na ndani hakukuta kitu. Kimya. Maji ndani ya tangi. Akaona basi, kumbe si jambo kubwa, na mdomo ukasema ulichozoea kusema.

"Kazi ni kazi, Fundi. Nenda."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Akanywa chai yake yote akiwa amesimama, akasuuza kikombe kwenye sinki, akakifunika juu ya kitambaa, akaaga. Hatua zake zilipokwisha kwenye korido, Bi Rangi akachukua penseli aichonge, ikavunjika ncha. Akachonga tena, ikavunjika. Mikono ilikuwa imekataa. Akachonga na kuvunja mpaka penseli ikaisha, na hapo ndipo akaketi, akaelewa. Mwili wake ulikuwa wa kuchelewa. Habari ilimfikia mgeni akiwa ameshaondoka.

Miezi ikaenda. Fundi alikuwa akipiga simu jioni, mwanzoni mara kwa mara. Habari za huko? Nzuri. Afya? Salama. Shangazi hajambo? Hajambo. Na wewe? Mimi sina neno. Kisha kimya kirefu chenye upepo ndani yake, kisha haya, usiku mwema. Bi Rangi akikata simu alikuwa anajilaani jikoni kwa sauti. Lakini jioni nyingine ikija, salama, nzuri, sina neno. Simu zikapungua. Zikawa za kushtukiza. Zikakoma.

Na kila asubuhi alikuwa anaugawa mwili wa mwanamume yule. Njoo, kaa, chukua, paka. Watu wakampaka Fundi magoti, wakampaka tumbo, wakamfunga koo kwa nyekundu. Siku moja mama mmoja alikandamiza kifuani mpaka karatasi ikatoboka, na Bi Rangi nusura amwambie taratibu, mama, unamuumiza. Jioni alizipanga karatasi, akazilinganisha kingo kwa kiganja, akikaa na kazi hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa na hamu naye. Tuseme hivyo hivyo bila kuzunguka: hamu ya sauti yake, ya harufu ya chuma na sabuni, ya namna alivyokuwa akipuliza chai ambayo ilishapoa. Hamu ya mtu ni njaa isiyokubali chakula kingine.

Alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu yuko mdogo. Mwanamke yule miguu ilikuwa imechoka lakini ulimi ulikuwa bado unakimbia.

"Yule bwana wa mabomba," akasema jioni moja, akikunja nguo, "mbona simu yake siisikii tena?"

"Ana kazi, shangazi."

"Kazi. Na wewe ulimwambia nini alipoondoka?"

"Nilimwambia aende."

Shangazi akamchimba mpaka akatoa yote, kisha akaiweka nguo chini. "Mwanamume kaja na shati la pasi kukuuliza aende au abaki, ukamwambia aende. Makubwa haya! Halafu unakaa hapa unaniunguzia vyakula."

"Ningesemaje? Nikimfuata, wewe utabaki na nani?"

"Ala! Kwani kabla hujazaliwa nilikuwa nabaki na nani? Mdogo wako anakaa mtaa wa pili, kila siku yuko hapa anakula kama mkewe hana jiko. Usinifanye mimi kufuli lako, mwanangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwako naliona limeshaanza."

Bi Rangi akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Huko kazini Daktari alikuwa anaelea kwa furaha. Alizipandanisha karatasi zote kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, rangi juu ya rangi, akamwita Bi Rangi aone. Umbo lilikuwa limepauka kila mahali, wekundu wa hapa na pale, lakini kwenye ubavu wa kushoto, chini ya kwapa, palikuwa panawaka.

"Dada, unaona? Hakuna mahali popote nimesoma kitu kama hiki. Watu wetu wanausikia wasiwasi ubavuni! Wote, wanaume kwa wanawake!"

Alikuwa ameshaanza kuandaa maelezo ya kuwapa wakubwa wa chuo. Bi Rangi akapaangalia pale mahali. Alipajua. Pale ndipo mwanamume alipocheka. Akanyamaza. Usimhukumu haraka: akisema, karatasi zitatupwa, zije nyingine zenye sanamu ya dirishani, na yeye hakuwa na kitu kingine cha mtu yule zaidi ya mstari ule. Akajipa moyo kwamba huenda kweli watu wana wasiwasi wa mbavuni, nani ajuaye.

Seremala ndiye aliyelimaliza jambo. Mzee mmoja mkavu, penseli nyuma ya sikio tayari kabla hajapewa nyingine, akahesabu mapigo yake vizuri, akapokea karatasi, na moja kwa moja, bila kufikiri, akaanza kupaka ubavu wa kushoto. Alipaka kwa ustadi, akifuata kona.

"Hapo unasikiaje, mzee wangu?" Bi Rangi akauliza.

"Hapa? Hapa sisikii kitu."

"Mbona unapaka?"

"Naziba shimo," akasema seremala, akishangaa kuulizwa. "Si unaona hapa pameliwa? Mimi siwezi kuona kitu kina shimo nikakiacha, mkono unakwenda wenyewe. Nikishaziba ndiyo nitapaka huo wasiwasi wako."

Daktari alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alikiweka juu ya kabati taratibu, akaja, akainama, akaitazama karatasi kama ndiyo kwanza anaiona. Akachukua nyingine, na nyingine. Kwenye nyingi ubavu ulikuwa umepakwa sawasawa, umejazwa vizuri mpaka ukingoni, kazi ya mikono isiyopenda mashimo. Seremala akaombwa akangoje kwenye benchi la korido, na Daktari akaketi kwenye kiti alichokiacha.

Alicheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

"Kazi yote hii," akasema. "Tumepima shimo, dada."

"Pole, Daktari."

"Nitaandika kwamba tulikosea, hilo halinisumbui. Magoti na makoo na mioyo iliyohesabiwa bado vipo. Lakini lazima niandike kosa lilikuwa wapi. Yule fundi ndivyo alivyoumbwa, ubavu umebonyea? Au kalamu iliteleza?"

Bi Rangi alijua. Alijua kama anavyojua mlango wa kwao. Sentensi moja tu, ilikuwa imeshafika ulimini: nilimtekenya, akacheka.

"Sijui," akasema. "Labda aulizwe mwenyewe."

Daktari akamtazama sana. "Namba yake unayo?"

"Nitaitafuta."

Ati ataitafuta! Namba ile ungemwamsha usingizini angekutajia. Akachukua simu, akatoka hadi kwenye korido, maana mle chumbani mtandao haukuingia; ulipatikana dirishani tu, mbele ya benchi la wanaosubiri. Pale alikaa seremala, na mama mwenye duka aliyerudi kwa kipimo cha pili, na vijana wawili. Akawapa mgongo. Simu ikaita. Akaomba isipokelewe. Ikapokelewa.

"Bi Rangi?" Sauti ilikuja haraka, na nyuma yake mashine inaunguruma. "Kuna nini? Shangazi mzima?"

"Mzima. Nakupigia kwa ajili ya kazi."

"Aa. Haya, sema."

"Daktari anauliza. Ubavu wako wa kushoto. Una bonde?"

"Una nini?"

"Bonde! Pamebonyea?"

Benchi zima likageuka.

"Hebu ngoja nijipapase," akasema Fundi Bomba, na inaelekea alijipapasa kweli. "Hapana, pako sawa. Si ulinitekenya, kalamu ikaruka?"

"Nakumbuka."

"Kama unakumbuka, unaniuliza nini?"

Swali hilo lilikuwa halali, na Bi Rangi hakuwa na pa kulikwepea. Na safari hii mwili haukuchelewa. Ulikuja wote kwa pamoja, kabla ya maneno: masikio yakawaka, viganja vikalowa, moyo ukapiga mpaka akausikia kwenye meno. Kumbe ndivyo ulivyo, akawaza. Kumbe ndiyo habari waliyokuwa wakiniambia wale wote. Akaushika ukingo wa dirisha.

"Nilitaka kukusikia," akasema. "Nilikwambia uende na sikutaka uende. Nilitaka ubaki. Nina hamu na wewe, Fundi, mpaka naumwa."

Mashine kule iliendelea kunguruma. Hapa kijana mmoja alikohoa, mama mwenye duka akamkanyaga mguu.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile sikusikia kitu. Nilijitafuta nikajiona niko salama. Ukaondoka, ndipo nikaumia."

"Na leo?"

"Leo naogopa, miguu inatetemeka, na kuna watu hapa nyuma wananisikiliza. Nasema hivyo hivyo."

"Hatusikilizi!" akasema mama mwenye duka. "Endelea, mdogo wangu."

Seremala alikuwa amekaza macho kwenye tangazo la chanjo la ukutani, akilisoma kwa bidii isiyo ya kawaida.

Ngurumo ikapungua; Fundi alikuwa anatembea, anajitenga na wenzake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa karibu.

"Huku kuna nyumba za wafanyakazi wenye familia," akasema. "Vyumba viwili na jiko, maji yako ndani. Nilipofika tu niliomba moja. Wakaniuliza mke yuko wapi, nikawaambia anakuja. Wakanipa. Nikanunua sufuria. Nikaweka rafu pale jikoni, nikaipima kwa kukadiria, maana nilikuwa najua unanifika hapa begani. Jioni nikawa nakaa humo nakupigia simu. Nilikuwa nasema, leo akiniambia neno moja tu lililopinda nje ya salamu, nitamwambia habari ya nyumba. Unaniambia salama. Nzuri. Huna neno."

Bi Rangi akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Mwezi uliopita nikairudisha. Sasa nalala bwenini na vijana. Wanapiga redio mpaka usiku."

Jamani! Jioni zile zote alizosimama jikoni kwa shangazi, simu sikioni, anasikiliza upepo, kumbe ulikuwa unavuma kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na nyumba na hakujua. Alikuwa na rafu ya kimo chake. Machozi yakamtoka wazi wazi, wala hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine umeng'ang'ania dirisha.

"Hukuniambia," akasema.

"Ningekuambiaje? Mtu aliyekwambia uende unamwambiaje kwamba umemwekea rafu?"

"Kaiombe tena."

"Ameshapewa mwingine, ana watoto watatu. Na ziko chache, Bi Rangi. Kuna foleni. Watu wengi wako mbele."

"Basi kapange foleni."

"Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kupita."

"Ichukue. Wewe panga, ujiandikishe, wakikuuliza mke yuko wapi waambie yupo, wakitaka kuhakikisha wanipigie mimi. Nitawajibu mimi mwenyewe. Nitakuja nilale hata kwenye hayo mabomba yako unayosema mtu anatembea amesimama."

Kule Fundi alivuta pumzi, akaitoa kwa kukatikakatika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetazama saa, kwamba ofisi ya nyumba iko ng'ambo ya karakana na inafungwa saa kumi, na kama ni leo basi itabidi aende na matope yake hivi hivi, na huenda asiwahi.

"Sasa mbona bado unaongea na mimi?" Bi Rangi akasema. "Kimbia!"

Hakuikata simu. Labda alisahau, labda hakutaka. Bi Rangi akasikia buti zikipiga changarawe, akasikia mtu akimwita Fundi, Fundi, unakwenda wapi, na Fundi asijibu. Akasikia pumzi yake ikipanda, nzito, ya mwanamume aliyeacha kukimbia zamani. Mama mwenye duka alinyanyuka akaja kusimama karibu yake bila kuuliza kitu. Bi Rangi akabana simu sikioni kwa mikono yote miwili, akawa anamsikiliza anakimbia, anakimbia, mpaka mtandao ukakatika.